Tarehe 5 Septemba na Wasanii Wasio na Tarehe

Mitandaoni kuna mchezo ambao wapenzi wa muziki hatuuchoki: unachagua siku moja ya kalenda, unaangalia nani alizaliwa, nani alifariki, wimbo gani ulitoka. Mara nyingi unaishia kuwa orodha tu. Lakini ukichagua tarehe 5 Septemba orodha inagoma kukaa kimya, na sababu ni kwamba mmoja wa waliozaliwa siku hiyo ni mtoto wa Unguja.

Alhamisi ya tarehe 5 Septemba 1946, Jer Bulsara alijifungua mtoto wa kiume mjini Unguja. Mumewe, Bomi, alikuwa keshia katika serikali ya Waingereza. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, waumini wa dini ya Zoroasta, na mtoto wakamwita Farrokh. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako wenzake walianza kumwita Freddie. Alirudi Unguja akiwa kijana, na muda si mrefu yakatokea Mapinduzi ya Januari 1964. Familia ikahamia Uingereza, ikaanza upya Feltham, magharibi mwa London. Mwaka 1970 kundi la Queen likazaliwa, na Farrokh Bulsara akawa Freddie Mercury. Yaliyofuata unayajua, hata kama huna albamu yao hata moja.

Sasa tazama aliochangia nao siku.

Tarehe 5 Septemba 1735, mjini Leipzig, alizaliwa Johann Christian Bach, mtoto wa kiume wa mwisho wa Johann Sebastian Bach. Baba alifariki mwaka 1750, kijana akachukuliwa na kaka yake huko Berlin, kisha akaenda Italia. Huko akafanya jambo ambalo kwa ukoo wa Walutheri kama wake halikuwa dogo: akawa Mkatoliki. Mwaka 1762 alihamia London, na wenyeji wakamwita John Bach. Ni yeye aliyempokea mtoto wa miaka minane aitwaye Mozart mwaka 1764, wakapiga kinanda pamoja. Alifariki mwaka 1782 akiwa na madeni.

Tarehe hiyohiyo mwaka 1791, karibu na Berlin, alizaliwa Jakob Liebmann Beer, mtoto wa familia tajiri ya Kiyahudi. Aliunganisha jina Meyer na Beer, akaenda Italia, Jakob akawa Giacomo, na hatimaye Paris ikamjua kama Meyerbeer, mfalme wa opera wa zama zake. Opera yake ya mwisho, iliyoonyeshwa mwaka 1865 baada ya kifo chake, inamhusu Vasco da Gama, yuleyule aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kubadili jina hakukumwokoa. Wagner, ambaye Meyerbeer aliwahi kumsaidia, aliandika makala ya kuwashambulia wanamuziki wa Kiyahudi, na miongo mingi baadaye Wanazi wakaupiga marufuku muziki wake.

Mwaka 1867, huko New Hampshire, Marekani, akazaliwa Amy Cheney. Alipoolewa mwaka 1885 akiwa na miaka 18, mumewe daktari alimtaka apunguze kupiga piano hadharani. Basi akakaa nyumbani, akajifundisha mwenyewe utunzi, na mwaka 1896 simfonia yake ikapigwa na okestra ya Boston. Kwenye karatasi za muziki hakuwa Amy. Alikuwa Mrs. H. H. A. Beach, yaani herufi zote tatu ni za mume.

Na mwaka 1912, Los Angeles, akazaliwa John Cage, jamaa aliyetunga kipande ambacho mpigaji hapigi noti hata moja kwa dakika nne na sekunde 33. Tarehe 5 Septemba 2001, katika kanisa moja huko Halberstadt, Ujerumani, kilianza kupigwa kipande chake kingine, cha kinanda cha kanisani, kilichopangwa kuisha mwaka 2640. Kilianza na ukimya uliodumu hadi Februari 2003.

Ukiwapanga hawa unaona karibu kila mmoja alilipa kitu ili asikike: dini, jina, au nyumba aliyozaliwa. Lakini wote wana kitu ambacho tunakiona cha kawaida kabisa. Wana tarehe. Mahali fulani palikuwa na mtu mwenye kalamu aliyeandika kwamba leo amezaliwa mtoto.

Hebu turudi Unguja, Alhamisi ileile. Siku Farrokh anazaliwa, Siti binti Saad alikuwa hai kisiwani humohumo. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Alizaliwa Fumba, watu wanasema mwaka 1880 hivi. Siku haijulikani. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na wazazi wake walitoka katika hali hiyohiyo. Nani angeandika siku aliyozaliwa mtoto anayeitwa Mtumwa?

Na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, naye alikuwepo, mtu mzima tayari. Alipoulizwa umri wake alikuwa akijibu kwamba alizaliwa wakati wa rupia. Waandishi wengi walilichukua jibu hilo kama kichekesho cha bibi mvuta sigara. Lakini lilikuwa jibu sahihi. Rupia iliondoka Unguja mwaka 1936, ikaingia shilingi. Bi Kidude alikuwa na kalenda, ila haikuwa ya ofisini.

Ndiyo maana ubishi kuhusu Freddie unanifikirisha. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Uamsho iliipinga, ikisema maisha yake hayaendani na maadili ya Zanzibar. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani, na watalii wanapiga picha mlangoni. Wengine wanasema si wetu, wengine wanasema ni wetu, na kila Septemba mjadala unafufuka. Kwa maoni yangu Freddie ni wa Unguja kama walivyo wote waliozaliwa hapo na kuondoka. Ila mjadala huo unawezekana kwa sababu ana siku. Huwezi kubishania sherehe ya mtu ambaye kalenda haimjui.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Tarehe hizi tunazo, kwa sababu walipofariki dunia ilikuwa imeshawasikia. Walianza kuandikwa wakiwa wameshaimba. Basi tuzitumie hizohizo. Anayependa orodha za siku aiweke tarehe 8 Julai na tarehe 17 Aprili ndani yake, hata kama kanuni ya mchezo inataka siku ya kuzaliwa.

Na kwa wazee wa taarab, ngoma na dansi walio hai, swali si "ulizaliwa lini?" pekee. Muulize mzee ni pesa gani ilikuwa ikitumika, ni mvua gani kubwa, nani alikuwa anatawala. Andika jibu kama alivyolitamka. Mwaka utapatikana humo, na pengine hata mwezi.