Freddie Mercury: mtoto wa Unguja aliyekimbia, na sanaa zilizomlea

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliokimbilia hapa Kabambare, leo tunasoma historia ya mwimbaji wa roki aliyezaliwa kule Kiswahili chetu kilikotoka. Misafara ya Unguja ilivuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare kuelekea Kasongo na Nyangwe. Ilileta lugha yetu, na ilileta pia utumwa.

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na baba yake alifanya kazi katika serikali ya Waingereza. Mtoto alitumwa kusoma shule ya bweni Panchgani, India. Huko alijifunza piano, akapiga katika bendi ya wanafunzi nyimbo za Wamarekani kama Little Richard. Alisikia pia sauti ya Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu za Kihindi.

Mwezi wa kwanza 1964, mapinduzi yalifanyika Unguja na watu wengi waliuawa. Familia ikakimbilia Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na London. Freddie alikuwa na miaka 17.

Mzazi aliyepoteza nyumba anaweza kusema: acha michoro, tafuta kazi. Lakini Freddie alisomea uchoraji katika chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Alichora mara nyingi sura ya Jimi Hendrix, mpiga gitaa mweusi wa Marekani. Bendi ya Queen ilipoanza 1970, yeye ndiye aliyechora nembo yake.

Kisha michoro ikaingia katika nyimbo. Richard Dadd, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, alichora akiwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili picha iitwayo The Fairy Feller's Master-Stroke. Freddie aliitungia wimbo wenye jina hilo hilo, katika albamu ya mwaka 1974. Mwaka uliofuata, katika Bohemian Rhapsody, aliunganisha roki na opera ya Ulaya. Ndani yake mna neno la Kiarabu ambalo Muislamu wa Kasongo hulitamka kabla ya kula. Mwaka 1988 alitoa albamu pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania. Alikufa kwa ukimwi mwaka 1991.

Hatusemi hali yake ilikuwa sawa na ya watoto wetu. Yeye alipata shule mara mbili. Wengi hapa hawajapata hata daftari. Lakini kuna jambo moja la kushika. Familia ikikimbia inaacha shamba, mbuzi na vyombo. Wimbo ambao mtoto ameusikia hauachwi njiani. Kwa hiyo mtoto akichora kwa makaa ukutani pale mlipopokelewa, kabla ya kumgombeza, muulize kwanza amechora nini.