Mwingereza wa Nairobi, mwana wa Kisangani, na vitabu vinavyotupita Bunia

Mwaka 1965 mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, alihamia Nairobi kufundisha. Jina lake Terry Hirst. Wakati huo Waingereza wengi walikuwa wakifungasha virago kuondoka Kenya, naye ndiyo kwanza anashuka. Alifundisha katika Kenyatta College, ambayo baadaye ilikuja kuwa chuo kikuu, na hakurudi kwao kuzeekea. Alifariki mwaka 2015, akiwa ameacha nyuma yake kundi zima la wachoraji wa Afrika Mashariki waliojifunza kutoka mkononi mwake kwamba katuni ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba mtu anaweza kula kwa kalamu ya wino.

Mwaka huohuo wa 1965, upande wetu huu wa Ziwa Albert, watu walikuwa bado wanazika. Uasi wa Simba ulikuwa umepita Bunia na Kisangani, na askari wa miavuli wa Ubelgiji walikuwa wametua Kisangani, wakati huo Stanleyville, tarehe 24 Novemba 1964. Mtoto mmoja wa mji huo, aliyezaliwa Desemba 1959, alikuwa anakaribia miaka sita. Huyo ndiye Barly Baruti, ambaye leo ukitaja katuni za Kongo huko Brussels au Paris jina lake hutangulia. Wakati anazaliwa, Bunia na Kisangani zilikuwa chini ya jimbo moja, kwa hiyo sisi wa Ituri tuna haki ya kumwita wa kwetu, hata kama tangu 2015 tuna jimbo letu.

Nimewaweka watu hawa wawili bega kwa bega kwa sababu njia zao zilipishana. Mmoja alitoka Ulaya akaja kuchora kwa ajili ya msomaji wa Afrika mwenye shilingi chache mfukoni. Mwingine alitoka Afrika akaenda kuchora kwa ajili ya msomaji wa Ulaya mwenye yuro. Sisemi hivyo kumlaumu mwana wa Kisangani. Nataka kuonyesha jinsi biashara ya vitabu inavyoamua nani atasoma habari za nani.

Tuanze na Nairobi. Mwaka 1973 Hirst alishirikiana na mwandishi wa habari Hilary Ng'weno, Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, wakaanzisha jarida la kuchekesha lililoitwa Joe. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, yule ambaye mshahara unaisha kabla ya mwezi, na anayecheka ili asilie. Ndani ya jarida mlikuwa na hadithi fupi, vichekesho na kurasa za katuni. Hirst mwenyewe alichora, lakini hakujaza kurasa peke yake. Aliwapa nafasi vijana wa Kenya, akiwamo Edward Gitau, mtu yuleyule aliyemlea Juha Kalulu kwa miongo kadhaa katika gazeti la Kiswahili la Taifa Leo. Mtu akitaka kujua maisha ya Nairobi ya miaka ya 1970, kodi za nyumba, baa, mabosi na mapenzi ya wikendi, afadhali asome Joe kuliko ripoti ya wizara yoyote.

Siri ya Joe ilikuwa gharama. Lilikuwa jarida jepesi, lenye matangazo ya biashara ya kulipia uchapaji, na lilinunuliwa na mtu anayepita njiani. Ulikuwa ukilisoma, unampa jirani, jirani anampa shemeji. Lilidumu hadi mwisho wa muongo huo, na kwa jarida la vichekesho katika nchi yoyote ya kwetu hiyo ni miaka mingi.

Baada ya hapo Hirst aliingia kwenye vitabu. Mfululizo wa Pichadithi, uliotoka miaka ya 1980, ulichukua ngano na visa vya jamii za Kenya ukavigeuza kuwa vitabu vya katuni vyembamba. Kimoja ni cha Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini mwake. Hicho kilichorwa na Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kufanya kazi karibu na Hirst, hadi ajali ya matatu ilipomchukua Aprili 2012. Mwaka 1994 Hirst alitoa pia The Struggle for Nairobi kupitia Mazingira Institute. Ni kitabu cha katuni kinachoeleza jinsi mji ule ulivyojengwa tangu reli, nani alipewa kilima chenye upepo na nani akasukumwa bondeni. Historia ya ardhi, ambayo wanasheria huifunga kwenye majalada mazito, yeye aliichora ikasomeka na mwanafunzi wa sekondari. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake iliyo bora kuliko zote, kuliko hata Joe.

Sasa tugeuke magharibi. Kongo haikusubiri mtu yeyote aifundishe katuni. Hergé wa Ubelgiji alimpeleka Tintin huku kati ya 1930 na 1931 bila yeye mwenyewe kukanyaga udongo wetu, na matokeo yake tunayajua: watu wenye midomo minene wanaozungumza kama watoto mbele ya kijana mweupe na mbwa wake. Mwaka 2007 Mkongo aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho mjini Brussels. Mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Lakini kuna jambo jingine la enzi hizo linalosahaulika. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jarida lake la propaganda, Nos Images, lililotoka kwa Kifaransa na kwa lugha zetu kubwa, Kiswahili kikiwamo. Humo familia ya Mbumbulu ilichorwa ikifundishwa kila toleo namna ya kuwa watu wastaarabu machoni pa Mbelgiji. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kudhalilisha. Hata hivyo mkoloni alielewa kitu ambacho wachapishaji wa leo hawataki kuelewa: kama unataka Mkongo asome katuni, mpe kwa lugha anayoiongea, na kwa bei anayoiweza.

Baada ya uhuru vijana wa Kinshasa walianzisha yao. Jarida la Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa na Achille Ngoie na Freddy Mulongo mwishoni mwa miaka ya 1960, liliwapa wasomaji Apolosa, polisi mwenye mikwara, na lugha ya mtaani ya Kinshasa ikaingia kwenye viputo vya maneno. Kisha mwaka 1990 akaja Papa Mfumu'Eto, aliyejichapishia vijitabu kwa Kilingala kuhusu nyoka anayemeza wanawake, wachawi na wakubwa wa nchi. Vijitabu hivyo viliuzwa sokoni kando ya sabuni na dagaa. Huyo ndiye ndugu wa kweli wa Hirst katika Kongo, ingawa sidhani kama waliwahi kuonana.

Baruti alifuata njia nyingine. Alianza na vitabu vilivyofadhiliwa kwa ajili ya mafundisho: mazingira, gari na hatari zake, afya ya kijiji. Alipata nafasi ya kujifunza Ulaya, akapitia hata studio za Hergé mjini Brussels, mahali ambapo Tintin alitoka. Aliporudi Kinshasa alisaidia kuanzisha ACRIA, warsha ya kuwafunza wachoraji vijana. Thembo Kash, ambaye jina lake tu linamwambia mtu wa Bunia kwamba ni Mnande, ni mmoja wa waliopita kwenye mduara huo. Kisha miaka ya 1990 ikaja na uporaji wa Kinshasa, viwanda vya uchapaji vikafungwa, pesa ikageuka makaratasi. Mchoraji aliyekuwa na kipaji na pasipoti alitazama Ulaya.

Huko Baruti alikutana na mwandishi Mfaransa Frank Giroud. Pamoja walitoa Eva K., vitabu vitatu kati ya 1995 na 1998, halafu Mandrill, vitabu saba katika nyumba ya uchapishaji ya Glénat kati ya 1998 na 2007. Nikumbushe kitabu kimoja cha aina hiyo kinavyozaliwa. Mchoraji hupokea andiko, hupanga ukurasa kwa penseli, fremu sita au nane, halafu huupitia kwa wino na hatimaye rangi. Kurasa arobaini na ushei za namna hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Kutoa vitabu saba katika miaka tisa au kumi ni kuishi umeinama juu ya meza. Baruti bado alipata muda wa gitaa na bendi yake ya rumba za zamani.

Mwaka 2014 akatoa kitabu ambacho, kama ningekuwa na uwezo, ningekiweka katika kila shule ya sekondari kuanzia Bunia hadi Kigoma. Kinaitwa Madame Livingstone, na andiko ni la Christophe Cassiau-Haurie, Mfaransa anayejulikana kwa utafiti wake wa katuni za Afrika. Ni Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Tanganyika. Gaston Mercier, rubani wa jeshi la Ubelgiji, anatumwa kuitafuta manowari ya Wajerumani. Anapewa kiongozi wa njia ambaye ni chotara, amevaa sketi ya Kiskoti, na anadai kuwa ni mwana wa David Livingstone. Watu wanamwita Madame Livingstone kwa dhihaka. Yeye haoni haya.

Sketi hiyo si mzaha wa bure. Historia yenyewe ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Waingereza walimtuma afisa Geoffrey Spicer-Simson na mashua mbili za injini. Zilitoka London kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikaburutwa kupita milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, hadi zikaingia ziwani Lukuga, Kalemie ya leo. Spicer-Simson alikuwa akijivinjari kambini kwa sketi, na watu wa ziwa walimkodolea macho. Tarehe 26 Desemba 1915 aliikamata meli ya Kijerumani Kingani, na Februari iliyofuata akaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini ile kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa Kigoma kwa vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe. Waingereza waliiopoa baadaye, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Wavuvi na wafanyabiashara wa Kigoma wameipanda kwa miongo mingi bila kujali ilikuwa ya nani.

Uzuri wa Baruti ni kwamba haoni vita hivyo kama mchezo wa wazungu wawili wanaonyang'anyana ziwa. Anaweka mbele waliobeba mizigo, waliopiga makasia, waliokufa kwa kuhara damu. Askari wa Force Publique walioingia Tabora Septemba 1916 walikuwa Wakongo, na wapagazi waliowalisha walikuwa Wakongo, na majina yao hayamo kwenye sanamu nyingi. Rangi amezipaka kwa brashi, na maji ya ziwa kwenye kurasa zake yana ule weusi wa bluu unaojulikana na kila aliyewahi kukaa ukingoni jioni. Mwaka 2018 walirudi pamoja na Cassiau-Haurie kwa Le Singe jaune, kinachogusa machotara wa enzi za ukoloni. Mwaka uliofuata waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi kwa watoto chotara walionyang'anywa mama zao Waafrika. Katuni ilimtangulia waziri mkuu.

Ituri nayo ina mambo ya kuchorwa. Tumeona vita vilivyoleta jeshi la Ulaya Bunia mwaka 2003, tumeona kesi ya Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa hapa Ituri, aliyetiwa hatiani The Hague Machi 2012, na Ebola iliyotangazwa kwisha Juni 2020. Katika yote hayo, michoro iliyofika mikononi mwa watu wa hapa ni zaidi ile ya mashirika: namna ya kunawa mikono, namna ya kumtambua mgonjwa, usiguse bomu. Ni michoro yenye faida, na imewalisha wachoraji wengi wa Kongo. Lakini hakuna mtu anayeisoma kwa raha, wala kumsimulia mwenzake kwenye moto. Jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda wamechorwa hadi Marekani: Pat Masioni, mzaliwa wa Bandundu, alichora sehemu ya Unknown Soldier, katuni ya nyumba ya DC iliyowekwa katika vita vya Acholi. Ilitoka kwa Kiingereza, kwa dola.

Tembea Bulevadi ya Ukombozi, angalia waliotandaza vitabu kwenye turubai: madaftari, Biblia, vitabu vya sarufi vilivyotumika. Kitabu cha Baruti cha jalada gumu kinauzwa Ulaya kwa yuro 15 na zaidi, kabla ya usafiri. Hiyo ni pesa ya karo. Joe na Pichadithi vilifika kwa wasomaji wa Nairobi kwa sababu Mwingereza yule alikubali karatasi nyepesi, na Mfumu'Eto alifanya hivyohivyo Kinshasa.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa Glénat, kwa waandishi wawili wa Madame Livingstone, na kwa yeyote mwenye mashine ya uchapaji kati ya Kampala na Bunia. Toeni kitabu hicho kwa Kiswahili, kwa rangi nyeusi na nyeupe kama lazima, bila jalada gumu, kwa bei isiyozidi ya daftari kubwa. Ziwa lile ni letu, na wapagazi wale walikuwa babu zetu. Wasomaji mtawapata.