Kigae chenye mfereji: wazee wa Kilwa walijuaje shanga itatoka laini?

Asainmenti zimetubana hapa kampasi, bumu lenyewe ndo hivyo, ila hii moja ya historia imenikaa kichwani, acha niitupie hapa.

Sisi wa Kitomanga na pande zote za Kilwa tumekaririshwa sekondari kwamba wageni walileta shanga, sisi tukatoa pembe za ndovu na dhahabu. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli.

Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, kitabu chake kikatoka 1974. Kwenye matabaka ya chini, ya zamani kabisa, karne nyingi kabla Ibn Battuta hajafika mwaka 1331, kulikuwa na vigae vya vyungu vyenye mifereji mirefu. Wanaakiolojia wengi wanasema vilikuwa vya kusagia shanga za kombe. Kule Tumbe, Pemba, Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette wamevikuta vingi mno.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unavunja ganda la kombe, unaligonga taratibu liwe duara la ovyo ovyo, unatoboa tundu, halafu unasugua ukingo ndani ya mfereji mpaka uwe mviringo. Hapo ndo pana utamu. Kinachokata ni chenga za mchanga zilizomo kwenye udongo wa chungu. Chenga kubwa zinakula haraka ila zinaacha mikwaruzo. Chenga ndogo zinachelewa, lakini ukingo unatoka laini. Kwa hiyo fundi akichagua kigae, ameshachagua na uso wa shanga kabla hajasugua hata mara moja! Seremala naye anajua hilo, ndo maana anaanza na msasa namba 60 na kumalizia na 240. (Msasa ni mti jamani, majani yake yanakwaruza, ndiyo yaliyokuwa yakilainishia mbao.)

Viwandani leo swali ni lile lile. Kabla chuma hakijapelekwa kwenye jiwe la mashine wanataka kujua kitatoka laini kiasi gani, na wanapima kwa maikromita, mara nyingi kati ya 0.1 na 1.6. Wanapiga hesabu kwa ukubwa wa chenga, kasi ya jiwe, kina cha kukata na maji ya kupoozea. Kompyuta inasaidia, lakini jiwe nalo linalika na kuziba kadiri linavyofanya kazi, hivyo hesabu ya asubuhi jioni inakuwa imeshapinda. Kigae nacho kililika hivyo hivyo, mfereji ukizidi kuzama kila siku.

Baadaye shanga za kioo kutoka ng'ambo zikawa nyingi, na usagaji ukafifia. Yaani waliozipokea walikuwa watu wanaoijua shanga nzuri kwa vidole vyao, si washamba wa kushangaa kitu king'aacho. Kwa nini notisi zetu hazisemi hivyo?

Nikipangiwa mazoezi ya kufundisha huko nyumbani, kipindi hiki nitakifanya kwa vitendo. Makombe ya pwani yapo tele. Ila vigae vya Kisiwani msiguse, vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kila mwanafunzi aje na kipande cha chungu cha bibi yake kilichovunjika.