Kanuni ya Waandishi Wengi

Sikiliza, msomaji, mambo yaliyowapata wanafunzi watatu wa chuo chetu cha ualimu, mmoja mwenyeji wa Likoni, wa pili wa Kisauni, wa tatu wa Changamwe. Walipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya maktaba, na kila mmoja akaandika programu kwa desturi yake. Huyu alianza mistari yake ya ndani kwa nafasi mbili, huyu kwa nne. Huyu alifunga kila sentensi kwa nukta-mkato, na yule wa Changamwe aliona nukta-mkato ni kazi bure. Usiku mmoja, mwenzao mmoja akazipanga upya nafasi zote apendavyo yeye. Kulipokucha, mamia ya mistari yalionekana yamebadilika, na katikati yake limejificha kosa moja la kweli: majina ya walioazima vitabu yametoweka katika orodha. Walilitafuta kosa lile siku mbili, nao hawakusemezana siku tatu.

Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko wao. Mwaka 1978 Stephen C. Johnson, wa maabara za Bell huko Marekani, aliandika programu ya kusoma programu nyingine zilizoandikwa kwa lugha ya C na kuonyesha penye mashaka. Akaiita lint, yaani zile nyuzinyuzi zinazoganda katika nguo. Haikuifanya kazi yenyewe. Ilisoma tu, kama mwalimu asomavyo daftari mwenye wino mwekundu mkononi.

JavaScript, lugha ya kurasa za tovuti, ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku kumi, na haraka ile imeacha alama. Ukiandika neno la kurudisha jibu, kisha jibu lenyewe ukaliweka mstari wa chini, lugha hii hujitilia nukta-mkato mwishoni mwa mstari wa kwanza, ikarudisha patupu, wala isikuambie neno. Mwaka 2002 Douglas Crockford alitoa JSLint ili kunasa hatari za namna hiyo. Lakini kanuni zake nyingi zilikuwa rai yake mwenyewe, na asiyezipenda hakuwa na nafasi kubwa ya kuzikataa.

Sisi watu wa Mombasa twalijua jambo kama hili tangu zamani. Upande wetu, ambako Freretown ilianzishwa Kisauni mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wamisionari waliandika kwa kukifuata Kimvita. Unguja, Askofu Steere na wenzake walikifuata Kiunguja. Hata Biblia zikawa mbili, ya Unguja mwaka 1891 na ya Mombasa mwaka 1914. Mwaka 1928 ukafanywa mkutano Mombasa, na humo humo, katika mji wa Kimvita, kikachaguliwa Kiunguja. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na katibu wake alikuwa Frederick Johnson (majina yamelingana tu na ya yule wa Marekani). Miswada ya vitabu vya shule ilisomwa na Kamati kabla ya kupata kibali.

Faida yake haifichiki, kwani kitabu kimoja kiliweza kusomwa Kisumu na Tabora pia. Lakini mtoto wa Likoni aandikaye kwamba mwenzake “aliteka”, kama wasemavyo nyumbani kwao, husahihishwa kuwa “alicheka”, na aliteka ikabaki kuwa ya maji ya kisimani. Tena Mvita hutamka t mbili mbalimbali, na tahajia iliyopitishwa ina herufi moja tu kwa zote mbili. Naiona bei hiyo kuwa kubwa, na wengi wa walioilipa hawakuulizwa.

Kwa hiyo nilifurahi kusoma habari za ESLint, aliyoianzisha Nicholas Zakas mwaka 2013. Humo kila kanuni husimama peke yake, nayo huweza kuwashwa au kuzimwa. Kundi la waandishi huandika uchaguzi wao katika faili moja inayokaa pamoja na kazi, na likipenda huwapa wengine. Kampuni ya Airbnb ilizitoa zake hadharani, zikafuatwa na watu wasiowahi kufika mlangoni kwake.

Wanafunzi wangu nao walikaa alasiri moja na faili hiyo mbele yao. Kanuni za kunasa makosa, kama lile la jibu linalopotea, hawakuzipigia kura, waliziwasha zote. Ubishi ulikuwa juu ya kanuni za sura. Nafasi mbili zikashinda, na nukta-mkato ikapita kwa kura mbili dhidi ya moja. Tangu siku hiyo kazi ya mtu haipokelewi mpaka mashine iisome kwanza, na mashine haijali ni ya Likoni au ya Kisauni. Yule wa Changamwe husema mpaka leo kwamba nukta-mkato ni kazi bure, naye huziandika.