Popobawa na Babu wa K

Mwaka 1995 watu wengi Pemba walikimbia vitanda vyao. Popobawa, jini lenye bawa la popo, alisemekana anawaingilia watu usingizini, basi familia zikatoka na mikeka zikakesha nje, kuzunguka moto. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, na wapo walioona mkono wa siasa ndani ya woga ule. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja. Huko mgonjwa mmoja wa akili alidhaniwa ndiye popobawa mwenyewe; umati ukamuua.

Namkumbuka mtu yule kila nikimsoma Said Ahmed Mohamed, mwalimu wa Kizanzibari aliyezaliwa 1947 na baadaye akawa profesa Bayreuth, Ujerumani. Mkusanyo wake wa hadithi fupi wa 1985 unaitwa Si Shetani si Wazimu. Jina tu linakukosesha raha: sasa kama si shetani, na wazimu si wenyewe, ni nini?

Miaka sita baada ya popobawa ikatoka riwaya yake Babu Alipofufuka (2001). Marehemu babu anamrudia mjukuu wake K, kigogo mwenye cheo na mali, amtembeze ajionee uozo aliomo.

Popobawa hakuwa na uso, kwa hiyo watu walimtafutia, wakauokota kwa mnyonge. Babu yeye anakwenda moja kwa moja kwa mwenye nguvu. Kuogopa tunajua sote tangu utotoni. Mwalimu huyu anatuuliza tumwogope nani.