Mafindofindo na bima ya afya

Mafindofindo ni uambukizo wa tezi mbili zilizoko kooni, moja kila upande. Mara nyingi husababishwa na virusi na hupona bila dawa maalumu. Kwa upande wa bima ya afya, uzito uko kwenye sehemu ndogo inayosababishwa na bakteria aina ya Streptococcus pyogenes.

Bakteria hao wasipotibiwa, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, baada ya wiki 2 au 3 inaweza kutokea homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuharibu valvu za moyo. Penisilini ikianza kutumika ndani ya siku 9 huzuia hali hiyo. Ni dawa ya bei nafuu. Upasuaji wa valvu sivyo.

Katika Bagamoyo na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, bima binafsi huwafikia zaidi walioajiriwa na makampuni. Wavuvi na wachuuzi wengi hulipa taslimu. Wapo pia wanaompeleka mtoto akakatwe kimeo, yaani kinyama kinachoning'inia kooni. Kukata kimeo hakuondoi bakteria, kunaweza kuleta kutokwa na damu nyingi au pepopunda, na siku zile 9 hupita.

Mikataba ya bima binafsi hutofautiana. Inayogharimia kulazwa tu hailipi matibabu ya koo, kwa kuwa hayo ni ya mgonjwa wa nje. Upasuaji wa kuondoa tezi mara nyingi huwa na kipindi cha kusubiri. Moyo ukishaathirika, mwombaji mpya huhesabiwa kuwa na ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba: anaweza kukataliwa, kutozwa zaidi au kuwekewa kikomo. Wakati huohuo mgonjwa huyo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka 10 au zaidi, hivyo kupoteza kazi na kadi pamoja ni hatari kwake.

Kwa upande wa umma, CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 iliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, lakini huduma zake ziliishia hospitali ya mkoa, ambayo kwa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Upasuaji wa moyo hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.