Nani Alimlea Mtoto wa Buganda?

Kuna kauli inayorudiwa katika mihadhara ya ndoa, mahubiri na vipindi vya redio vya familia hata haiulizwi tena: kwamba zamani mama wa Kiafrika aliwalea watoto wake wadogo mwenyewe, na kwamba yaya, kituo cha kulelea watoto na bibi mwenye wajukuu uani ni dalili ya mambo kuharibika. Kauli hiyo imefunga hoja mbili pamoja. Moja ni ya maadili, kwamba mama ndiye anayepaswa kuwa mlezi mkuu wa mtoto mdogo, na hiyo kila mtu ataijadili kwa imani yake. Nyingine ni ya historia, na historia hupimwa kwa ushahidi. Kwa upande wetu wa dunia ushahidi upo, tena sehemu yake nzuri imelala katika kitabu ambacho wanasaikolojia hukitaja kwenye tanbihi na wanahistoria wetu hawakifungui.

Kitabu chenyewe ni Infancy in Uganda cha Mary Ainsworth, kilichochapishwa Baltimore mwaka 1967. Kabla ya kukifikia nitapita upesi njia ambayo wasomaji wengi wanaijua.

Pwani haihitaji maneno mengi. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyeishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake za 1886 jinsi mtoto wa jumba la kifalme alivyowekewa mwanamke wa kumnyonyesha na walezi wake mwenyewe. Wanawake hao walikuwa watumwa. Nani alibaki na watoto wao? Anayesifu malezi ya pamoja ya zamani bila kuuliza hivyo anasifu nusu ya hadithi. Sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii ilimpa mama haki ya kukaa na mtoto mdogo, lakini haki si upweke. Aya ya 233 ya Sura ya Baqara inataja miaka miwili ya kunyonyesha, inamtwika baba gharama, na inaruhusu mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine kwa malipo.

Bara, katika Buganda, mmisionari John Roscoe alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1911 kwa kutegemea sana maelezo ya Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda. Picha inayotoka humo ni ya watoto wanaohama. Mtoto akishaachishwa ziwa angeweza kupelekwa kwa ndugu, mara nyingi wa upande wa baba, akakulia huko. Wavulana wengine walipanda hadi nyumba za machifu na ikulu ya Kabaka. Wengi wa vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga mwaka 1885 na 1886, wale wanaoitwa Mashahidi wa Uganda, walikuwa watumishi wa ikulu wa namna hiyo. Kumpeleka mtoto kwa mtu mwingine hakukuwa kumtupa. Kulikuwa kumkuza, na pia kuiwekea familia mtu wake karibu na mamlaka.

Kisha ikaja kliniki. Mwaka 1921 Daktari Albert Cook na mkewe, wa hospitali ya misheni ya Mengo, walifungua shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, wakati serikali na misheni zikihofia kwamba Waganda wanapungua kwa kaswende na vifo vya wachanga. Wakunga waliotoka pale waliokoa maisha, na hilo sitalibisha. Lakini pamoja na sabuni na mizani liliingia somo jingine: mtoto akiugua, wa kwanza kuulizwa ni mama. Bibi, shangazi, mke mwenza na dada mkubwa hawakuwa na kadi kliniki.

Miaka thelathini inayofuata naiacha, kwa sababu kisa chenyewe kinaanzia London. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya John Bowlby kuhusu malezi ya mama na afya ya akili. Bowlby alikusanya habari za watoto wa Ulaya na Marekani waliotengwa na familia zao: yatima wa vita, watoto wa makao, waliolazwa hospitali kwa miezi bila kutembelewa. Alihitimisha kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu na usiokatika na mama yake, au na mtu wa kudumu anayeshika nafasi ya mama. Maneno hayo ya mwisho yamo katika ripoti, na ni haki kuyataja. Lakini yalisahaulika haraka. Vituo vilivyofunguliwa Uingereza ili wanawake wafanye kazi za vita vilikuwa tayari vimeanza kufungwa, na ripoti ikawapa wafungaji hoja. Kutoka kwenye mtoto aliyeachwa wodini peke yake hadi kwenye mtoto anayeshinda kwa bibi ni mruko mkubwa mno, na waliouruka hawakusimama kupima urefu wake.

Ainsworth alikuwa amefanya kazi na Bowlby katika Kliniki ya Tavistock, London. Mwaka 1954 alifika Kampala, na hakuletwa na utafiti wake: mumewe Leonard alikuwa amepata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, iliyoongozwa na mwanaanthropolojia Audrey Richards. Msomi ambaye kazi yake ingekuja kutumiwa kuwaambia wanawake wabaki nyumbani aliingia Uganda kama mke aliyemfuata mume, akitafuta fedha za kuendeshea kazi yake mwenyewe.

Alikuja na swali zuri. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa ghafla na kumpeleka kwa bibi. Kama Bowlby alikuwa sahihi, hapo ndipo pa kuyaona madhara. Akachagua vijiji kadhaa karibu na Kampala, akapata familia 26 zenye watoto wachanga 28, akawatembelea kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kila mara, kwa miezi. Alikwenda alasiri, wakati kazi za shamba zimekwisha na wageni hupokelewa. Mkalimani na msaidizi wake alikuwa Bi Katie Kibuka, na karibu kila neno la Kiganda lililoingia kitabuni lilipita kwake. Sijui kwa nini jina lake halikai pamoja na la Ainsworth katika vitabu vya kiada.

Swali likavunjika mikononi mwa aliyelileta. Desturi ya kumtoa mtoto wakati wa kumwachisha ziwa haikuwa ikifuatwa na wengi wa akina mama aliowakuta, kwa hiyo hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mtafiti mwingine angepanda meli. Ainsworth alibaki na kuanza kutazama kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekitazama kwa utaratibu nyumbani kwa watu: jinsi mtoto anavyojifunza kumchagua mtu wake. Alimwona akilia mama anapotoka mlangoni na si mwingine anapotoka. Alimwona akitambaa kwenda kuchunguza kitu, kisha akigeuka kuhakikisha mama bado yupo pale pale. Nadharia nzima ya mtoto kushikamana na mlezi, inayofundishwa leo duniani kote, ilipata macho yake ya kwanza katika sebule za Buganda.

Aliona nini kingine humo? Alikuta nyumba zenye watu. Wapo wake wenza, bibi, dada wakubwa, wasichana wa ukoo waliokuja kusaidia. Mama alikwenda kulima mihogo na kukata matoke, na mtoto akabaki na mwingine. Wapo watoto waliomshikilia baba kwa nguvu ingawa walimwona kwa nadra, na wapo waliokuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumkimbilia. Mwishoni aliwagawa: watoto 16 waliokuwa salama katika uhusiano wao na mama, 7 wenye wasiwasi, na 5 ambao hawakuwa bado wameonyesha kushikamana.

Wanaotetea mama pekee watanikumbusha, na wana haki, kwamba katika hesabu zake kiasi cha malezi ambayo mama mwenyewe alimpa mtoto kilihusiana na usalama huo. Kweli. Lakini pia ulihusiana na jambo jingine ambalo halitajwi sana: ni mama gani aliweza kumsimulia mgeni habari za mtoto wake kwa undani, yaani ni nani aliyemwangalia na kumwelewa. Na wingi wa walezi wengine ndani ya nyumba haukuonekana kumharibia mtoto. Sampuli ni ndogo na yeye mwenyewe hakuificha. Hata hivyo, kama mtu anataka kuegemea kitabu hiki, akiegemee chote.

Wakati huohuo, pale hospitali ya Mulago mjini Kampala, mwanasaikolojia Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wa Kiganda kwa vipimo vya ukuaji vya Gesell na kutangaza kwamba wachanga hao huwatangulia wa Ulaya katika kukaa, kusimama na kutembea, kisha huzorota baada ya kuachishwa ziwa. Sababu, alivyoona, ni mama: kwanza anajitoa mzima, kisha anakatika ghafla. Hoja hiyo iliwapendeza madaktari waliokuwa wakipambana na kwashiakoo, maana iliunganisha ugonjwa, kunyonya na mwenendo wa mama katika sentensi moja. Mimi sina subira nayo. Mwaka 1972 Neil Warren alizipitia tafiti za namna hiyo na kuonyesha udhaifu wa njia zake, na mwaka 1976 Charles Super, aliyefanya kazi na Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, akaeleza jambo ambalo bibi yeyote angelisema bure. Watoto wale walitangulia kukaa na kutembea kwa sababu walifundishwa kukaa na kutembea, na katika mambo wasiyofundishwa hawakutangulia. Waliowafundisha hawakuwa mama tu.

Ainsworth aliondoka Kampala mwishoni mwa 1955, akaenda Baltimore. Huko alifuatilia familia 26 za tabaka la kati, akaunda jaribio maarufu ambamo mama humwacha mtoto chumbani kwa dakika chache kisha hurudi. Jaribio hilo ndilo lililosafiri dunia nzima. Chumba kile hakikuwa na bibi wala dada mkubwa. Kilijengwa kwa ajili ya mama na mgeni, na kinachopimwa humo ni mama na mgeni. Buganda ilitoa macho, Baltimore ikatoa kipimo, na kipimo kiliporudi Afrika kilikuja na sura ya familia ya kitongoji cha Marekani.

Waliokirekebisha hawakukosekana. Herbert na Gloria Leiderman walifanya kazi na Wakikuyu karibu na Nairobi na kuandika mwaka 1974 kuhusu wachanga wenye mlezi mmoja na wenye walezi wengi. Katika msitu wa Ituri, Edward Tronick na wenzake waliandika mwaka 1987 kwamba wachanga wa Waefe, wakiwa na wiki 18, walikuwa mikononi mwa watu wengine zaidi ya nusu ya muda.

Ila kazi iliyonishika zaidi ni ya Robert na Sarah LeVine huko Kisii, iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1994. Mlezi wa mchana wa Kisii alikuwa mtoto: msichana wa miaka sita, minane, kumi, mwenye mdogo wake mgongoni wakati mama yuko shambani. Hapo ndipo picha ya kijiji chenye mikono mingi inapopoteza utamu wake. Mikono ilikuwepo, lakini mingi ilikuwa midogo, na haikuombwa ruhusa. Kisha shule ikaichukua. Kenya iliondoa ada za madarasa ya chini ya msingi mwaka 1974, na mwaka huohuo huko Musoma TANU, chama tawala cha Tanzania, iliazimia elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977. Msichana aliyekuwa akimbeba mdogo wake sasa alibeba daftari. Hakuna mwenye akili timamu atakayelilia hilo, lakini mama wa shambani alibaki na mchanga peke yake kuliko mama yake alivyobaki, na hiyo ndiyo hali ambayo mihadhara yetu inaiita ya asili.

Swali hili si la wasomi tu, kwa sababu limo katika sheria. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinadhania, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Ndugu wengine, bibi akiwemo, wanaweza kukabidhiwa mtoto pale tu panapokuwa na hali za kipekee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku tatu. Lakini kifungu kile cha 125 pia kinaitaka mahakama izingatie mila za jamii ya wahusika, na hapo historia inapata kiti mahakamani. Wakili atakayedai kwamba kwa mila ya watu wake mtoto ni wa mama peke yake atapaswa kuonyesha ni mila ipi. Kama wateja wake ni Wachaga, upande wa pili unaweza kumfungulia Chaga Childhood cha Otto Raum, cha mwaka 1940, ambamo mtoto wa kwanza hudaiwa na babu na bibi wa upande wa baba, na wa pili na wale wa upande wa mama.